Mama Monitrisi na Vitambaa vya Mvua

Mtu aliyeingia katika ofisi ya usafi ya Bunia, miaka ile ya sabini, aliona juu ya meza ya karani kitambaa cheupe kilichowekwa chini ya chupa ya chai. Kilikuwa kimepindwa vizuri pande zote nne, kina doa la kahawia katikati, na pembeni maandishi madogo ya uzi mwekundu. Wageni walidhani ni pambo. Karani hakuwasahihisha, maana ingembidi akiri kwamba ameweka chai yake juu ya mashtaka.

Mashtaka hayo yalitoka kwa Mama Monitrisi. Ndivyo tulivyomwita wote, kuanzia watoto wa avenyu yetu hadi padri, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo, monitrisi, yaani mwalimu wa kike: aliongoza foyer, yaani shule ya wanawake ya kushona, kupika na kutunza nyumba. Mimi niliingia pale nikiwa na miaka ishirini na mbili, mke mpya, mtoto mgongoni, sijui hata kupitisha uzi katika mashine. Nilikaa naye miaka tisa, kwanza mwanafunzi, halafu msaidizi wake. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa niliyaona, na mengine niliyatenda.

Lazima nieleze kwanza jinsi maji ya mvua yanavyotembea Bunia, maana bila hilo hutamwelewa mama huyu. Mji wetu umekaa juu ya vilima. Mvua ikipiga mabati, maji yanashuka uani, yanatoka barabarani, yanaingia katika mfereji wa kando ya barabara, na mfereji unateremka hadi bondeni. Njiani yanachukua kila kitu yanachokikuta: majivu, maganda ya mihogo, samadi, mafuta ya magari. Hakuna mahali yanaposimama kusafishwa. Na sisi, avenyu nzima, tulichota maji katika kisima kilichokuwa chini kabisa ya mteremko huo, chemchemi yenye bomba la chuma linalotoka ukingoni, hatua chache tu kutoka mahali mfereji ulipopita. Mvua kubwa ikija, mfereji ulifurika na kuingia kisimani. Ukilielewa hilo, umekwisha kuelewa nusu ya maisha ya Mama Monitrisi.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye haraka. Alitembea na mwavuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa. Aliutumia kukoroga mifereji. Mvua ikinyesha yeye alitoka nje wakati watu wote wanaingia ndani. Alibeba bakuli la chuma, kikombe kimoja na vipande vya kitambaa cheupe. Alitandika kitambaa juu ya bakuli, akachota kikombe cha maji ya mfereji, akayamwaga polepole. Maji yalipita, uchafu ukabaki. Kitambaa kilianikwa, kikapigwa pasi, kikapindwa, halafu akatia kwa uzi mwekundu siku na mahali. Mwisho alikibana na pini juu ya barua na kuipeleka ofisini.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anapoteza muda kupinda kitambaa cha uchafu.

"Kitu yenye haina upindo haiende kwa Leta," alinijibu. Leta ndiyo Serikali, kwa lugha yetu. "Ukipeleka kitambaa yenye inafumuka, watasema mutu mwenyewe iko anafumuka."

Na upindo wa gauni lake mwenyewe, nisisahau, ulikuwa unaning'inia nyuma tangu nilipomjua. Tulipomwambia alishika upande wa mbele, akatazama, akasema, "Iko muzuri."

Alitufundisha kuandika ripoti kama alivyotufundisha kukata kola, na somo hilo ninaliona bado lina faida, kwa hiyo nalipitisha. Alisema mtu anayeenda ofisini na hasira anarudi na hasira. "Sema saa ngapi. Sema wapi. Sema uliona nini na macho yako. Yenye ulisikia kwa jirani, iache kwa jirani." Halafu uache nakala moja kwako, na urudi baada ya wiki mbili kuuliza, bila kulia na bila kutukana. Ukirudi mara tatu karani anachoka kukuona, na karani aliyechoka ni mtu mwenye msaada.

Karani wa usafi alichoka naye kweli. Siku zile ofisini hakukuwa na Bwana wala Madamu. Kila mtu aliitwa raia, kwa Kifaransa. Karani alipomwona mlangoni alisimama nusu, akashika kichwa.

"Sitwayeni! Leo tena? Unashitaki nani?"

"Bucha ya kona, Papa. Matumbo ya mbuzi mu mufereji, tangu siku ya pili ya juma."

"Bucha ile njo inaniuzisha nyama muzuri."

"Basi nyama yake unakula, na matumbo unakunywa. Andika."

Aliandika. Ilichukua mvua tatu na vitambaa vitatu, lakini mwuza nyama aliitwa, akachimba shimo nyuma ya kibanda chake. Siku ileile Mama Monitrisi alikwenda kununua kwake kilo moja ya nyama, akimsifu mbele ya wateja kwa shimo lake mpaka yule mtu hakujua acheke au anune. Ndivyo alivyokuwa. Hakumshtaki mtu kwa chuki, na jambo likiisha, limeisha.

Alikuwa anaogopa vyura. Nalisema kwa heshima, lakini nalisema: mwanamke aliyeingiza mikono katika kila mfereji wa mtaa wetu alipiga kelele kama aliyeungua kila alipomwona chura. Mara moja karani alikuja mwenyewe, na baiskeli yake, kuona mfereji ulioziba. Mama Monitrisi alikuwa katikati ya maelezo, ameinua mwavuli, chura akaruka kutoka katika majani. Yeye naye aliruka. Alitua juu ya baiskeli, baiskeli ikamwangukia karani, na wote watatu wakaingia mferejini. Karani alirudi nyumbani na tope hadi kifuani. Wiki iliyofuata watu walitumwa kuuzibua.

"Chura ile iko na nguvu kupita mimi," alisema. "Mimi niliandika mara ngapi? Yeye aliruka mara moja."

Hakupendelea hata avenyu yake. Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya watu wote, na sisi tulikuwa tunasafisha mfereji kwa njia yetu: kila nyumba ilisukuma takataka mpaka mbele ya nyumba ya chini, nyumba ya chini nayo ikasukuma, mpaka zote zikafika mwisho wa avenyu, mlangoni mwa wengine. Kisha tulinawa mikono, tumeridhika. Mvua ya jioni ilimaliza kazi. Mama Monitrisi alitazama hayo Jumamosi kadhaa, halafu akapeleka kitambaa chenye jina la avenyu yetu.

Majirani walimjia. "Mama, unatushitaki siye? Siye bandugu yako?"

"Nilishitaki mufereji," alisema. "Kama muko ndani, mutoke."

Walinung'unika mwezi mzima, kisha wakaanza kubeba takataka kwa machela ya magunia mpaka shimoni. Leo nikikumbuka nyuso zao nacheka. Lakini nifike sasa kwenye jambo ambalo silichekei.

Kwetu mtu akifa, mjane na mabinti huvaa nyeusi kwa muda. Si kila mtu aliweza kununua nguo mpya, kwa hiyo foyer ilikuwa inatia rangi nguo za matanga bila malipo. Mwenye msiba alileta gauni lake la kila siku, pakiti ya rangi nyeusi na kuni. Ijumaa asubuhi tulichemsha pipa, tukatia rangi na chumvi, tukazamisha nguo na kukoroga kwa mti. Siku hiyo Mama Monitrisi hakufanya mzaha hata mmoja. Alikoroga mwenyewe, na mwenye msiba akilia, yeye aliendelea kukoroga na machozi yake yakiingia humohumo.

Maji meusi yaliyobaki yalikuwa na shimo lao. Alilichimba yeye mwenyewe, siku tatu, kwa jembe la kuazima, nyuma kabisa ya kiwanja, na akatia mawe na mkaa chini yake. Lilikuwa hatua sita kutoka kwenye mfereji, uliopita ubavuni mwa kiwanja chote. Alitukataza kumwaga maji hayo mahali pengine popote.

Msimu mmoja wa mvua matanga yalikuwa mengi. Kijia cha kwenda shimoni kilikuwa utelezi mtupu, nami nilikuwa na mimba ya pili na ndoo mbili nzito. Mfereji ulikuwa palepale, karibu na ua. Nikamwaga mferejini. Nilijiambia ni mara hii tu. Ijumaa iliyofuata nilijiambia tena, na ya tatu sikujiambia kitu.

Kisima kikatoka maji meusi.

Kwa kila mtu jibu lilikuwa wazi: garaji. Juu kidogo ya foyer palikuwa na fundi wa magari, Mwislamu mmoja mpole aliyewahi kufanya kazi ya dhahabu Mongbwalu, tukimwita Mekanisie. Mafuta machafu ya magari ni meusi, maji ni meusi, na garaji iko juu ya mteremko. Mama Monitrisi alikuwa amekwisha kumwonya mara mbili juu ya mafuta. Alichota kikombe chake kisimani, akapinda kitambaa, akaandika barua. Nilikuwa nimekaa kwenye mashine, mita mbili kutoka kwake, nikishona mfuko wa mto. Nilimwona akiandika neno garaji. Nilishona mfuko ule pande zote nne, usiwe na mdomo.

Safari hii jibu lilikuja baada ya siku nne, maana doa jeusi linatisha kuliko la kahawia. Mkubwa wa ofisi alitia sahihi: garaji ifungwe. Na karani, ili Mekanisie aone anashtakiwa kwa nini, akampa kitambaa chenyewe.

Mekanisie alikuja foyer asubuhi, kitambaa mkononi, chupa ndogo ya esansi, yaani petroli, mfukoni. Wanafunzi wote waliacha sindano.

"Bonjour, Mama Monitrisi."

"Bonjour, Papa. Ulikuja kunitukana?"

"Apana. Nilikuja kufua."

Aliomba sahani. Wakati ule esansi ilikuwa haba, magari yalipanga foleni siku mbili, na yeye akaimimina juu ya kitambaa kama maji. Kwanza alipaka pembeni mafuta machafu kutoka kidole chake. Akasugua. Mafuta yale yakayeyuka, yakaondoka. Akasugua doa la katikati. Likabaki jeusi vilevile.

"Mafuta yangu inatoka na esansi," alisema. "Hii haitoke. Mama, weye njo mwalimu ya nguo. Hii ni kitu gani?"

Mama Monitrisi alikichukua, akakigeuza. Mafuta hukaa juu ya nyuzi. Rangi huingia ndani. Doa lilikuwa sawasawa mbele na nyuma. Hilo alikuwa akilifundisha kila mwaka, wiki ya pili. Akatoka nyuma ya nyumba, sisi sote tukimfuata, akasimama mbele ya shimo lake na kuhesabu hatua mpaka mferejini. Sita.

"Ni shimo," alisema. "Nilichimba karibu. Inavuja."

Nilikuwa kando yake. Mdomo wangu ulikuwa wazi, nakumbuka, kwa sababu nzi aliingia. Nikaufunga.

Alikwenda ofisini saa ileile, nami nikamsindikiza, nikitumaini kwamba njiani nitapata ujasiri. Karani alishika kichwa.

"Sitwayeni. Leo unashitaki nani?"

"Andika: Monitrisi wa foyer."

"Ya foyer gani?"

"Yangu."

"Mama, usinichekeshe asubuhi."

"Andika, Papa. Rangi ya matanga, inatoka mu shimo yangu, inaingia mu mufereji, inafika ku kisima. Garaji haina kosa."

Karani aliweka kalamu chini. Akafunga mlango, akasema kwa sauti ndogo, na naamini alikuwa anampenda: "Mama, sikia. Mukubwa alisha kusaini. Mekanisie atafunga mwezi moja, atafungula. Hatakufa. Lakini weye, ukiandikisha hii, watakutoa ku kazi. Nyamaza tu."

"Na maji?"

"Maji gani?"

"Garaji itafungwa, maji itakuwa nyeusi tu. Halafu utafunga nani? Bucha?"

Karani alicheka bila kutaka, akachukua kalamu.

Garaji haikufungwa. Shimo lilifukiwa, na foyer ikakatazwa kutia rangi. Mwezi uliofuata Mama Monitrisi aliondolewa uongozi, akabaki mwalimu wa kushona tu, chini ya mwanamke kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Alimtii yule mama bila kinyongo, hata akamshonea pazia la ofisi. Maji ya kisima yaliacha kuwa meusi, kwa sababu hakukuwa tena na ndoo za kumwaga, na kila mtu akaona kwamba kweli lilikuwa shimo.

Kwangu mimi, kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kusema. Nimewaona watu wengi tangu hapo wakibeba jambo la namna hii, na kama unalo, nakuambia bila kukugombeza: siku ya kwanza ni nyepesi kuliko zote zitakazofuata. Mimi niliiacha ipite. Kisha mume wangu alihamishiwa Kpandroma, tukaenda.

Kitu kimoja tu nilikiona kimebadilika kwake katika miaka yetu ya mwisho pamoja. Aliendelea kukamata maji ya mvua na kuandika barua, na karani aliendelea kushika kichwa. Lakini mtu akimwomba ushauri wa kuchimba shimo, la choo au la takataka, alikataa. "Uliza wengine," alisema. "Mimi mashimo sijui."

Nilimwona tena karibu na mwisho wa miaka ya themanini. Nilikuwa nimeteremka Bunia kununua uzi na vifungo vya darasa langu dogo la Kpandroma. Aliishi sasa mtaa wa Shari, kwa binti wa dada yake. Nilimkuta barazani, ungo magotini, akichambua maharagi kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Alinijua kwa sauti. Tuliulizana watoto, tukaulizana mvua. Nikamsaidia kuchambua, na nusu ya maharagi ilipokwisha nikasema:

"Mama, niko na neno ya zamani."

"Sema, mwanangu. Zamani haiumi."

"Ile rangi ya matanga. Sikuimwaga mu shimo. Kulikuwa utelezi. Nilimwaga mu mufereji, Ijumaa tatu."

Vidole vyake vilisimama.

"Na maji ya kisima," aliuliza, "weye ulikuwa unakunywa?"

"Nilikunywa. Ningeacha, mungeniuliza sababu."

"Na mutoto?"

"Ya mutoto nilikuwa natafuta mbali."

Nilitazama maharagi. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kupokea neno lolote, hata kufukuzwa, na nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitalikubali.

"Kumbe haikuvuja," alisema.

"Apana, Mama. Haikuvuja hata siku moja."

"Hatua sita."

"Hatua sita ilitosha. Shimo ilikuwa muzuri."

Aliweka ungo chini, akageukia mlango, akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Kuya hapa! Kuya usikie! Shimo yangu ilikuwa muzuri!"

Binti wa dada yake alitokea na unga mikononi. "Shimo gani, Mama?"

"Ile nilichimba miye mwenyewe! Mawe chini, mukaa juu yake! Siku tatu!" Na alimwonyesha kwa mikono upana wake, halafu kina chake, halafu jinsi mkaa unavyopangwa, akicheka, machozi yakishuka mpaka kidevuni. Yule binti alinitazama kuniuliza kwa macho kama mama ana homa.

Baadaye alikumbuka kwamba nipo. Alinishika mkono, kwa nguvu.

"Na weye," alisema, "nitakukasirikia. Nitakukasirikia sana. Lakini si leo. Leo uniache nifurahi."

Kesho yake nilirudi mapema, ili apate muda wa kutosha.